Marobota yanaingilia wapi? Kisa cha meli ya ndege iliyoundwa Mtwara

Meli ninayoizungumzia ni modeli ya meli ya kubeba ndege, yenye urefu wa sentimita 66. Inakaa juu ya kabati la vyombo katika nyumba moja ya Shangani, Mtwara, ndani ya sanduku la kioo, na haikutoka kwenye boksi la dukani. Kila kipande kimekatwa kwa mkono: plaiwudi, siling bodi za PVC, kadi za laini za simu, chelewa za mnazi, mpingo. Aliyeiunda anajipatia riziki kwa kuandika vibao na kupuliza rangi magari. Hapendi jina lake litajwe, kwa hiyo nitamwita Fundi. Juu ya sitaha kuna ndege nne za zamani, zile za mabawa mawili yaliyopangana juu na chini. Ubavuni limefungwa tishali, chombo bapa cha kupelekea mzigo melini, na marobota ya mkonge yanatoka kwenye tishali yakiingia melini kupitia mlango.

Meli hiyo haijawahi kuwapo. Fundi ameibuni pamoja na safari zake na sababu ya kuletwa huku kusini, akaipachika ndani ya vita vilivyopiganwa kweli. Wanaokwenda kuitazama huuliza gundi gani, msasa namba ngapi, rangi ilipulizwa au ilipakwa. Hayo nitayagusa, lakini kazi hii haikukwamishwa na gundi. Ilikwama miezi kadhaa kwa sababu hadithi yake ilikuwa na tundu, na aliyeliona tundu hilo alikuwa mzee ambaye hajawahi kushughulika na meli ya ndege hata siku moja.

Anayeunga modeli ya boksi ana karatasi ya maelekezo. Anayeunda meli iliyowahi kuelea anazo picha na michoro ya kuitazama. Anayeunda meli isiyokuwapo ana hadithi peke yake, na hadithi ndiyo itakayomwambia mlango ukae wapi, rangi iishie wapi, boti za kuokolea watu ziwe ngapi. Ikiwa hadithi imelegea, mkono huanza kupamba. Nimeona modeli za namna hiyo: mizinga kila kona, minara juu ya minara, na hakuna baharia hata mmoja mwenye pa kulala.

Fundi naye aliingilia mlango huo. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba Ujerumani haikunyang'anywa Tanganyika, na manowari mfano wa Graf Zeppelin inatia nanga Mikindani chini ya Boma. Graf Zeppelin halisi, manowari ya Kijerumani ya kubeba ndege, ilishushwa majini Desemba 1938 na haikukamilika. Ilikuwa na urefu wa mita 262, ambazo kwa kipimo cha 1:200 ni mita moja na sentimita 31. Kabati halifiki hapo. Lakini kikwazo kikubwa kuliko kabati kilikuwa maswali: ili meli hiyo ifike Mikindani, lazima ubadilishe mwisho wa vita vya kwanza, ubadilishe mkataba wa amani, ubadilishe uchumi wa Ujerumani, na kila jibu linazaa swali jingine. Wazo la pili, manowari ya Jamhuri yenye ndege za jeti, lilikufa ndani ya wiki.

Kilichomwokoa ni meli za aina ambayo hata wapenzi wa vita vya pili huzipita bila kuziangalia. Mwaka 1943 Uingereza ilianza kutumia meli za mizigo zilizoezekwa sitaha ya ndege. Zilikuwa 19 kwa jumla, 6 za kubeba nafaka na 13 za kubeba mafuta. Ya kwanza ilikuwa Empire MacAlpine, meli ya ngano. Ziliendelea kubeba mzigo kama kawaida, zikawa na mabaharia wa meli za biashara na bendera nyekundu ya meli za biashara, huku kikosi kidogo cha wanamaji kikishughulika na ndege. Zile za nafaka zilibeba ndege nne aina ya Fairey Swordfish na zilikuwa na banda chini ya sitaha na lifti ya kuzipandishia. Kazi ya ndege hizo ilikuwa kuwinda nyambizi, au walau kuzilazimisha zibaki chini ya maji. Nyambizi ya wakati ule ikiwa chini ya maji ilikuwa ya mwendo mdogo, na betri zake hazikudumu, kwa hiyo haikuweza kuuzunguka msafara na kuuotea mbele.

Hapo Fundi akapata kanuni ambayo naiona ndiyo uti wa mgongo wa kazi yake, ingawa yeye hakuiita kanuni: badili jambo moja tu, mengine yaache kama yalivyokuwa. Meli zote 19 zilitumika Atlantiki. Katika hadithi yake moja inaletwa Bahari ya Hindi. Hilo ndilo badiliko, basi.

Na sababu haikuhitaji kubuniwa. Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Tarehe 9 mwezi huo zikaizamisha HMS Hermes, manowari ya kubeba ndege, karibu na Batticaloa. Waingereza wakarudisha sehemu kubwa ya meli zao Kilindini, Mombasa. Mwezi uliofuata wakaivamia Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, wakihofia Wajapani wasije wakaitumia. Juni na Julai nyambizi za Japani zikafanya kazi katika mlango bahari wa Msumbiji na kuzamisha meli za biashara zaidi ya 20. Hayo ni maji ya jirani kabisa: ukitoka Msimbati ukavuka mdomo wa Ruvuma, umekwisha kuingia Msumbiji. Isitoshe, Wajapani walipoichukua Ufilipino na Java walichukua pia nyuzi za kamba zilizotoka huko, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Lindi ilikuwa na mashamba ya mkonge. Kwa hiyo meli ya ndege inayobeba mkonge wa kusini: nani atabisha?

Meli akaipa jina la Empire Rovuma, kwa kuwa serikali ya Uingereza ilizipa meli zake nyingi za biashara za wakati wa vita majina yanayoanza na Empire. Kipimo kikabaki 1:200. Sitaha halisi ya meli hizi ilikuwa na urefu wa mita 120 na kitu na upana wa mita 19 hivi. Chukua uwanja wa Nangwanda Sijaona, uchane kwa urefu vipande vitatu, kisha mwambie rubani atue juu ya kimoja huku kinayumba. Kwenye modeli upana huo ni sentimita tisa na nusu. Bawa la Swordfish likikunjuliwa ni mita 13.87, yaani karibu sentimita saba, kwa hiyo ndege ikiwa katikati inabakiza sentimita moja na ushei kila upande. Likikunjwa, ndege inakuwa na upana wa mita 5 na robo, ndiyo maana nne ziliweza kubanana bandani.

Mwili ulijengwa kwa mkuku na mataruma, yaani uti na mbavu za meli, ya plaiwudi ya milimita 4, ukaishia kwenye usawa wa maji, maana ilikwisha kuamuliwa kwamba meli itakaa baharini na si kwenye stendi. Ngozi ya nje ni siling bodi ya PVC. Watu wanaijua kama kitu cha darini, lakini ukiipasua kwa wembe kando ya mbavu zake za ndani unapata karatasi ya plastiki nyororo inayopinda ukiipitisha juu ya mvuke wa maji, na inashika supaglu vizuri kuliko mbao. Puti ni ile ya magari, ambayo Fundi anaijua usiku na mchana.

Sitaha ndiyo iliyomsumbua. Aliikata kwa plaiwudi, akaipuliza rangi upande wa juu tu, akaigundisha. Baada ya muda omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zikainuka, katikati pakabonyea. Shangani iko puani mwa bahari na hewa yake ni nzito. Upande wa juu ulikuwa umefungwa na rangi, wa chini uko wazi, kwa hiyo wa chini ulikunywa unyevu ukatanuka peke yake. Dawa yake haikuwa ngumu: aliibandua, akaifunga kwa praima pande zote mbili hadi kingoni, kisha chini yake akapitisha vipande viwili vya aluminiamu vilivyobaki kwa mafundi madirisha. Tangu hapo imenyooka.

Nilimwambia kwamba hayo yalikwisha kuwakuta wengine hukuhuku pwani. Septemba 20, 1914 meli ya Wajerumani Königsberg ilipoizamisha HMS Pegasus pale Zanzibar, ilikwenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, na Waingereza wakaleta ndege za kuitafuta. Ndege za Sopwith zilizofika mapema 1915 zilishindwa na joto na unyevu, gundi ikaachia na mbao zikapinda. Ikabidi ziletwe nyingine, na hatimaye ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli za Kiingereza Severn na Mersey hadi Königsberg ilipomalizwa Julai 11, 1915. Fundi alifurahi sana kusikia hivyo, nadhani zaidi kwa ajili ya gundi kuliko kwa ajili ya historia. Lakini kilimsaidia pia kuwajibu wanaodai kwamba ndege za kijeshi za baharini hazina asili katika pwani hii.

Sasa mandhari. Meli ilikuwa imefungwa kwenye gati la Mtwara, mwaka 1943, kreni zimesimama, malori yamepanga foleni. Gati lilikuwa limekwisha kujengwa kwa mbao na saruji nyeupe, na lilikuwa zuri. Siku moja jirani yake alipita kumsalimia. Ni mzee aliyestaafu kazi ya bandari, na baba yake alikuwa kuli wa matishali Lindi. Akamaliza kahawa yake, akaisogelea meza.

"Mwanangu, meli umeipatia. Sasa marobota yanaingilia wapi?"

"Kwa kreni, mzee. Si unaziona?"

"Naziona. Zinayashusha wapi, na juu umeziba kote?"

Fundi akaonyesha lifti ya ndege upande wa tezi. Mzee akacheka. Meli nzima ipakiwe kwa tundu moja, tena linaloishia bandani kwenye ndege? Ndege mtazipeleka wapi wakati wa kupakia? Na ukiyafikisha bandani, yatashukaje kwenye ngama, huko chini mzigo unakokaa? Fundi hakuwa na jibu. Mzee akageukia gati.

"Na hili la mwaka gani?"

"Arobaini na tatu."

"Arobaini na tatu gati halipo, mwanangu. Hilo limekuja na karanga."

Alisema kweli mara zote mbili. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947, na ndio uliowatia haja ya bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ulivunjika 1951, gati likakamilika 1954 karanga zenyewe zikiwa zimekwisha kuwa hadithi. Meli ya 1943 isingeweza kufungwa hapo.

Swali la marobota ni zito zaidi, na ndilo linalonifanya nikiandike kisa hiki. Fundi alisoma kwamba meli hizi zilikuwa za ngano na za mafuta, akaichukulia kama habari tu. Hakujiuliza kwa nini ziwe hizo mbili. Jibu ni hilihili la mzee: sitaha ya ndege inafunika milango yote ya ngama, na winchi na milingoti ya kupakilia haina pa kusimama. Ngano inamiminwa na kunyonywa kwa mabomba, mafuta vilevile. Mzigo wa kufungashwa, wa kuinuliwa mmoja mmoja, hauna njia. Robota la mkonge lina uzito wa kilo 250 hivi, na halipiti kwenye bomba. Kwa maneno mengine, badiliko lake moja lilikuwa mawili bila yeye kujua: amehamisha meli bahari, na amebadilisha mzigo. Hilo la pili lilikuwa linapingana na umbo lenyewe la meli aliyoichagua.

Hapo alikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kubeba karanga tupu zikimiminwa kama ngano, lakini huku mazao yalisafiri kwa magunia, na mitambo ya kunyonya ingetaka bandari ambayo haipo. Ya pili, kuifanya meli ya mafuta na kuusahau mkonge. Hiyo ndiyo niliyompendekezea, kwa sababu ni rahisi: unaondoa banda, unaondoa lifti, ndege tatu zinalala juu. Akakataa, na sasa naona alikataa vizuri, kwa sababu meli ya mafuta haina biashara yoyote na Lindi. Ya tatu ni milango ya ubavuni.

Kwenye gati mlango wa ubavuni ni kero. Maji yakipanda na kushuka, mlango nao unapanda na kushuka mbele ya ukuta usiosogea, na wakati wa bamvua tofauti hapa kwetu inafika mita tatu na zaidi. Lakini Lindi haikuwa na gati la meli kubwa. Meli zilitia nanga ghubani na mzigo ulifuatwa kwa matishali. Tishali linapanda na kushuka pamoja na meli, na mlango unabaki umeelekeana nalo saa zote. Upungufu wa Lindi ndio ulioifanya hadithi isimame. Gati zuri likang'olewa, kazi yote ile, likapelekwa kwa watoto wa jirani.

Kisha yakaanza kufuatana yenyewe. Mkonge ni mwepesi kwa nafasi unayokula. Tani moja ya ngano inakaa katika mita za ujazo zisizofika moja na nusu, ya mkonge inataka mbili na zaidi. Meli ya ngano ikijazwa mkonge hadi juu bado haijafika uzito wake, kwa hiyo inaelea juu kuliko kawaida. Hilo ni jema kwa milango, kwani kizingiti kinabaki mbali na maji. Ni baya kwa mizani. Tayari kuna sitaha nzima na ndege zimebebwa juu, na sasa chini ni pepesi. Meli ya namna hiyo itayumba vibaya kwenye mawimbi ya kusi. Lazima itiwe farumi, maji ya bahari katika matangi ya chini. Kiasi gani? Ikizidi, milango inasogelea maji. Ikipungua, meli inalewa.

Fundi hakupiga hesabu ya uinjinia, wala mimi siwezi. Alichofanya ni kuamua mstari wa maji na kuufuata kwa uaminifu. Kizingiti cha mlango kikawekwa sentimita moja na nusu juu ya maji, yaani mita tatu. Chini ya rangi ya kijivu ukaachwa mkanda wa rangi nyekundu ya chini ya meli wenye upana wa milimita sita, yaani mita moja na ushei ya mwili ambao kwa shehena ya ngano ungekuwa umezama. Mkanda huo ndio ninaoupenda kuliko kitu chochote katika modeli nzima. Hauonyeshi ufundi mkubwa, ni tepu na brashi. Ila mtu akikuuliza kwa nini wekundu unaonekana hivyo na meli imejaa, unaweza kumpeleka hatua kwa hatua hadi shambani mkonge unakokatwa.

Hata tarehe ilitoka humo. Tishali haliwezi kukaa ubavuni mwa meli ghuba ikiwa na mawimbi, kwa hiyo miezi ya kusi ikaondolewa. Tanga mbili ndiyo nafasi yake, upepo umelegea na kaskazi haijashika. Ikawa Novemba 1943. Novemba mvua za kusini kwa kawaida hazijachanganya, mto Lukuledi haujamwaga tope ghubani, basi maji yakapakwa kijani cha mchanga badala ya kahawia. Upepo ukiwa hafifu, meli iliyotia nanga inautii mkondo: maji yakijaa omo linatazama bahari kuu, yakitoka linatazama mji. Nahodha mwenye akili hupeleka tishali lililojaa maji yakitoka na kulirudisha tupu yakijaa. Kwa hiyo wakati marobota yanapoingia, meli imeelekeza omo mjini. Fundi alikuwa ameigundisha kinyume, kwa kuwa picha za meli huonyeshwa zikielekea baharini. Akaigeuza.

Wengine watasema huu ni uchokozi wa mambo, nani ataujua mkondo wa Lindi kwenye kabati la vyombo. Wavuvi wa Lindi watajua, na Fundi alisema wazi kwamba anawaogopa wao kuliko wapenzi wa modeli.

Ndege nitazipitia kwa haraka. Mabawa ni kadi za laini za simu, nguzo za katikati ni nyuzi za shaba kutoka waya wa umeme, nyaya za kukazia ni nyuzi za nailoni za mshipi. Miili ilichongwa kwa mpingo na mchongaji wa Kimakonde, kwa kuwa mti laini ukichongwa hadi unene wa kijiti cha kiberiti unachanika nyuzi kwa urahisi. Mchongaji aliona ni upuuzi kuchonga vitu vinne vinavyofanana, na ukitazama vizuri utaona cha nne kimeinua pua kidogo kuliko wenzake. Kimeachwa. Kuhusu maandishi, marubani halisi wa meli hizi waliwahi kufuta neno ROYAL kwenye ndege zao wakaandika MERCHANT NAVY, kwa utani wa kuwa wamehamia meli za biashara. Fundi, ambaye riziki yake ni herufi, akaandika LINDI ubavuni mwa ndege moja, herufi za milimita moja. Sijui aliandika na nini. Hataki kusema.

Mahali tunapotofautiana ni kibao cha maelezo. Rasimu ya kwanza ilikuwa ukurasa mzima na nusu, na hakuna mgeni atakayesimama kusoma ukurasa na nusu huku chai inapoa. Imepunguzwa. Lakini kuna sehemu ambayo si suala la urefu.

Februari 12, 1944 meli ya abiria Khedive Ismail, iliyokuwa katika msafara kutoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Japani I-27 karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki na wauguzi. Msafara ulikuwa na meli za kivita za kuulinda lakini haukuwa na meli ya ndege. Katika hadithi ya Fundi, Empire Rovuma imo katika msafara huo, na Khedive Ismail inafika Colombo.

Kama ubunifu, kipande hiki kimekaa vizuri kuliko vyote. Februari ni kaskazi. Ndege ikirushwa kutoka sitahani inahitaji upepo wa mbele, na meli ya aina hii, yenye mwendo wa noti 12 hivi (maili 12 za bahari kwa saa), inautegemea upepo huo sana. Msafara unaotoka Mombasa kwenda Ceylon, ukifika karibu na Maldivi, unaelekea kaskazini mashariki, karibu usoni mwa kaskazi. Meli isingelazimika kutoka mbali na mstari wake ili kurusha ndege. Shambulio lilitokea mchana, na rubani angeweza kuona. Sikuweza kupata kasoro, nami niliitafuta.

Ubishi wangu ni mwingine. Marobota ya mkonge ni ya kubuni, na yakikosewa hakuna anayeumia. Watu 1,297 walikuwa watu. Ukiandika kwamba walifika, na msomaji asiyejua akaamini, umemzika mtu mara ya pili, safari hii bila kaburi. Nilimshauri aishie Novemba 1943, meli ikiwa inapakia, ya mbele ayaache. Akanijibu kwamba bila Februari hajui kwa nini aliijenga meli yenyewe. Anasema wanaopita hapo hawajawahi kulisikia jina Khedive Ismail, na watalisikia kwa mara ya kwanza kwa sababu yeye aliiokoa kwa plaiwudi. Mzee, aliyekuwapo, hakusema yuko upande gani. Aliuliza tu kama majina ya wale askari yameandikwa popote. Nikamwambia yamo katika kumbukumbu za makaburi ya vita za Jumuiya ya Madola.

Hatujakubaliana, na kibao bado ni karatasi iliyobanwa nyuma ya sanduku. Jambo moja tumelimaliza: tarehe ya kuzama na idadi ya waliokufa vitakaa mstari wa juu, kwa rangi nyeusi, na yote aliyoyabuni yeye yatakuwa chini yake kwa rangi ya bluu.